Enrico Fermi na somo la elimu inayojua mpaka wake

 

Ndugu msomaji, wiki hii naomba unistahamilie, kwani nataka kuzungumzia maisha ya mtu ambaye hakuwa Muislamu, wala hakujulikana kwa kushikamana na dini yoyote. Ni Mtaliano aliyeitwa Enrico Fermi, mwanafizikia aliyefariki mwaka 1954. Huenda ukajiuliza mwalimu wa dini ana shughuli gani na mtu kama huyo. Jibu lake ni kosa langu mwenyewe, na ni bora nianze nalo.

Mimi nafundisha Maarifa ya Uislamu katika shule ya sekondari. Kwa miaka kadhaa nilikuwa na kawaida ya kuwaambia wanafunzi wangu kuwa nadharia za wanasayansi ni dhana tu, leo wanasema hili na kesho wanalifuta, hivyo hazistahiki kuaminiwa. Nilidhani kwa kusema hivyo nailinda imani yao. Mwaka mmoja kijana wa kidato cha pili, aliyekuwa akiongoza darasa zima kwa hisabati na fizikia, alipotakiwa kuchagua masomo ya kidato cha tatu akaiacha fizikia. Mwalimu wa somo hilo alipomuuliza sababu, akasema kuwa Ustadh amefundisha kwamba nadharia hizo zote zitakuja kufutwa, sasa kwa nini ajisumbue nazo.

Mwalimu mwenzangu hakuja kwangu kwa ugomvi. Alinipa kitabu cha maisha ya Fermi akaniomba nikisome kwanza, kisha tuzungumze. Nilikisoma, tukazungumza jioni nyingi, na haya nikuandikiayo ndiyo niliyoyapata.

Fermi alizaliwa Roma tarehe 29 Septemba 1901. Baba yake alikuwa mtumishi wa shirika la reli na mama yake alikuwa mwalimu wa shule. Mwaka 1915 kaka yake kipenzi, Giulio, alifariki ghafla wakati akifanyiwa upasuaji mdogo wa koo. Enrico, ambaye alikuwa na umri wa miaka 13 tu, alizamisha huzuni yake katika vitabu vya fizikia na hisabati. Mhandisi mmoja aliyekuwa rafiki wa baba yake, Adolfo Amidei, akakiona kipaji hicho na kuanza kumwazima vitabu kimoja baada ya kingine. Ni mhandisi huyo aliyeishauri familia impeleke kijana Pisa, katika chuo mashuhuri cha Scuola Normale Superiore, ambako aliingia mwaka 1918. Tuzingatie hapa, ndugu zangu: mtu mzima mmoja tu aliyejali, na vitabu vya kuazima, vilitosha kumfungulia njia kijana huyu. Nami kwa maneno yangu nilikuwa nimeifunga njia ya kijana mwingine.

Mwaka 1926, akiwa na umri wa miaka 25, Fermi alipata uprofesa wa fizikia ya nadharia katika Chuo Kikuu cha Roma. Alikusanya vijana wenzake katika jengo lililokuwa mtaa wa Via Panisperna, miongoni mwao Emilio Segrè, Edoardo Amaldi, Franco Rasetti na Ettore Majorana. Hapo ndipo alipoandika kazi inayonihusu zaidi katika makala hii.

Wakati huo wanasayansi walikuwa na fumbo. Baadhi ya atomu, kiini chake hutoa elektroni na kugeuka kuwa atomu ya aina nyingine. Lakini kila walipopima, nishati ilionekana kupungua bila ya kujulikana imekwenda wapi. Mwaka 1930 Wolfgang Pauli alipendekeza kuwa kuna chembe isiyoonekana inayoondoka na sehemu ya nishati hiyo. Fermi ndiye aliyeieneza kwa jina la Kitaliano la nyutrino, na mwishoni mwa mwaka 1933 akaandika nadharia kamili. Alisema kuwa nyutroni hugeuka kuwa protoni, na katika nukta hiyo hiyo moja huzaliwa elektroni na nyutrino. Nguvu ya tukio zima akaiweka katika namba moja tu, ambayo hadi leo inaitwa kwa jina lake. Kwa masimulizi ya wenzake, jarida maarufu la Uingereza liliikataa makala hiyo kwa hoja kuwa iko mbali mno na uhalisia. Ikachapishwa kwa Kitaliano na Kijerumani mwaka 1934.

Je, ndani ya ile nukta kulikuwa na nini? Fermi hakujua, na nadharia yake haikudai kujua. Mwalimu mwenzangu alinipa mfano wa mizani. Muuza duka anayepima sukari kwa kilo hahitaji kuhesabu punje, wala kujua punje moja imeumbwa vipi. Mizani yake inamtosha yeye na mteja wake, na hakuna anayeweza kusema kuwa imedanganya. Lakini sonara akiichukua mizani hiyo hiyo akapimie vumbi la dhahabu, atapata hasara. Mizani haikuwa ya uongo, bali imepelekwa kwenye kazi isiyo yake.

Hivyo ndivyo ilivyo nadharia ya Fermi. Nyutroni inapobadilika, nishati inayotoka ni chini ya elektroni-volti milioni moja. Leo tunajua kuwa ndani ya ile nukta yupo mjumbe anayebeba ile nguvu, chembe inayoitwa W, yenye uzito wa nishati wa takriban elektroni-volti bilioni 80. Mjumbe huyo ni mzito mno, na safari yake ni fupi kiasi kwamba ukitazama kwa nishati ndogo huwezi kumuona. Unaona tu kuwa mzigo umetoka mkono huu na kufika mkono ule. Kosa linalotokana na kutomjua mjumbe huyo, kwa tukio kama hilo, ni la kiwango cha moja kwa bilioni kumi. Muuza duka gani ana mizani ya namna hiyo?

Lakini ukizigonganisha chembe kwa nishati kubwa zaidi na zaidi, mambo yanabadilika. Kwa hesabu za Fermi, uwezekano wa chembe kugongana na kutawanyika kupitia nguvu hii unakua kwa mraba wa nishati. Nishati ikiongezeka mara kumi, uwezekano unaongezeka mara mia. Ukiendelea hivyo hadi elektroni-volti bilioni mia kadhaa, hesabu inakuja na jibu la ajabu, kuwa katika migongano 100 tukio litatokea zaidi ya mara 100. Hilo ni muhali. Mwaka 1936 Werner Heisenberg alikwisha kuona kuwa namba ile ya Fermi imebeba ndani yake alama ya mahali ambapo hesabu zitavurugika.

Hapa ndipo niliposimama na kuona haya. Mimi nilikuwa nikiwaambia wanafunzi kuwa wanasayansi hawajui mipaka ya elimu yao. Kumbe hii ni nadharia ambayo yenyewe inakuonesha kwa namba ni wapi uiamini na wapi uiache! Na ilipofika wakati wa kuitafuta elimu iliyo zaidi, walioitafuta hawakuitupa ya kwanza. Mwaka 1956 nyutrino ilionekana kwa vipimo. Mwaka huo huo Lee na Yang, wachina wawili waliosomea Chicago chini ya kivuli cha Fermi, walihoji iwapo nguvu hii haitofautishi kulia na kushoto, na majaribio yakathibitisha kuwa inatofautisha, hivyo nadharia ikarekebishwa. Katika miaka ya 1960 Glashow, Weinberg na Abdus Salam wa Pakistani waliiunganisha nguvu hii na ile ya umeme, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1979. Salam alikuwa wa kundi la Ahmadiya, na hitilafu yetu nao katika itikadi inajulikana, lakini hilo halifuti ukweli kuwa kituo alichokianzisha Trieste, Italia, mwaka 1964 kimewafundisha wanasayansi wengi kutoka Afrika na Asia. Mwaka 1983 chembe W ilipatikana katika maabara ya CERN, karibu na Geneva, ikiwa na uzito ule uliotarajiwa.

Je, nadharia ya Fermi ilifutwa? Hapana. Bado inatumika, na namba yake inapimwa kwa umakini mkubwa kwa kuangalia chembe ya muoni inavyooza katika muda wa mikrosekunde 2.2. Ilichowekewa ni mahali pake. Na zaidi ya hapo, tangu chembe ya Higgs ipatikane CERN mwaka 2012, wanafizikia wengi wanaitazama hata nadharia kubwa waliyonayo leo kwa jicho hilo hilo. Wanasema nayo ni mizani ya kiwango fulani. Katika mtambo wao wenye mzunguko wa kilomita 27 wanagonganisha protoni na kupima namna chembe zinavyotawanyika, wakitafuta tofauti ndogo inayokua kadiri nishati inavyopanda. Tofauti hiyo ikionekana itakuwa dalili kuwa yupo mjumbe mwingine mzito ambaye bado hajaonekana. Yaani wamejifunza kuandika ujinga wao kwa utaratibu, mstari kwa mstari, na kuukadiria. Qur'ani inatufundisha kuwa tulichopewa katika elimu ni kichache, nasi tunaisoma aya hiyo mara nyingi. Ni wangapi kati yetu tunaifanyia kazi namna hiyo?

Nisije nikamfanya Fermi kuwa mtu asiyekosea. Mwaka huo huo wa 1934 yeye na vijana wake walipiga urani kwa nyutroni, wakadhani wametengeneza elementi mpya, nzito kuliko urani yenyewe. Mkemia wa Kijerumani, Ida Noddack, aliandika kuwa huenda kiini kimevunjika vipande, lakini hakusikilizwa. Mwishoni mwa mwaka 1938 Hahn na Strassmann walionesha kuwa kweli kiini cha urani hupasuka. Fermi alikuwa ametoka kupokea Tuzo ya Nobel wiki chache tu kabla, na sehemu ya sifa zake ilikuwa ni hizo elementi ambazo hazikuwapo. Alikiri kosa lake. Mtu aliyeweka mpaka mzuri katika kazi moja aliupita mpaka katika kazi nyingine. Ndiyo hali ya binadamu.

Safari hiyo ya kupokea tuzo Stockholm ilikuwa pia ni ya kukimbia. Mke wake, Laura, alikuwa wa asili ya Kiyahudi, na serikali ya Mussolini ilikuwa imepitisha sheria za ubaguzi wa rangi mwaka 1938. Familia haikurudi Italia bali ilikwenda Marekani, ikafika New York Januari 1939. Tarehe 2 Desemba 1942, chini ya majukwaa ya uwanja wa michezo wa Chuo Kikuu cha Chicago, Fermi alisimamia kuwashwa kwa kinu cha kwanza cha nyuklia, rundo la matofali ya grafiti na urani. Walipokaribia mafanikio, aliwasimamisha watu wote wakale kwanza chakula cha mchana! Kinu kile kilitoa nusu wati tu, lakini kilifungua mlango ambao haujafungwa tena.

Kilichofuata kinajulikana. Fermi alikwenda Los Alamos. Tarehe 16 Julai 1945, bomu la kwanza lilipojaribiwa katika jangwa la New Mexico, aliangusha vipande vya karatasi wakati upepo wa mlipuko ulipomfikia, akatazama vimerushwa umbali gani, na kutokana na hapo akakadiria nguvu ya bomu. Makadirio yake yalikuwa karibu nusu ya kiwango halisi, si haba kwa vipande vya karatasi. Lakini mwezi mmoja kabla ya hapo alikuwa mmoja wa wanasayansi wanne walioishauri serikali ya Marekani kuwa hawaoni njia nyingine isipokuwa bomu litumike vitani moja kwa moja. Tarehe 6 Agosti likaangushwa Hiroshima, na tarehe 9 Nagasaki. Wazee, wanawake na watoto wachanga waliteketea kwa maelfu.

Mwaka 1949 alipoulizwa kuhusu bomu kubwa zaidi, lile la haidrojeni, Fermi pamoja na Isidor Rabi waliandika kulipinga kwa misingi ya maadili, kwa kuwa lingekuwa ovu kwa namna yoyote ile litazamwe. Hata hivyo, Rais Truman alipoamua Januari 1950 kuwa litengenezwe, Fermi alikwenda kusaidia baadhi ya hesabu zake. Hapa mimi kama mwalimu wa dini nasema wazi kuwa fizikia ilimpa mtu huyu mpaka wa nadharia zake, lakini haikumpa mpaka wa matendo yake. Mpaka huo hutoka kwingine. Asiyeamini kuwa ataulizwa kuhusu elimu yake aliitumiaje, na hata aliyeamini lakini akasahau, anaweza kupima nguvu ya bomu kwa karatasi asipime uzito wa roho moja ya mtoto. Hii ndiyo hoja yangu kwa wale wanaodhani kuwa tukipata sayansi peke yake tumemaliza.

Baada ya vita Fermi alirudi Chicago kufundisha na kupima. Mwaka 1951 na 1952 yeye na wenzake walirusha chembe za payoni kwenye haidrojeni, wakaona uwezekano wa kutawanyika ukipanda kwa kasi kadiri nishati inavyoongezeka. Ilikuwa ni dalili ya kwanza ya chembe ya muda mfupi mno, inayoitwa leo delta. Hakukimbilia kuitangaza.

Mwaka 1953 akamjia kijana msomi, Freeman Dyson, kutoka Chuo Kikuu cha Cornell. Dyson na wanafunzi wake walikuwa wamefanya hesabu ndefu za mtawanyiko huo, na michoro yao ilikubaliana vizuri na vipimo vya Fermi. Alitarajia pongezi. Fermi alimuuliza ni namba ngapi walizozichagua wenyewe ili hesabu zikubaliane. Dyson akajibu kuwa ni nne. Fermi akamkumbusha maneno ya rafiki yake, John von Neumann, kuwa mtu akiruhusiwa kuchagua namba nne kwa hiari yake anaweza kuchora hata tembo. Mazungumzo yakaisha kwa dakika chache. Dyson alirudi akaiacha kazi ile, na baadaye alikiri kuwa Fermi aliwaokoa, kwani nadharia waliyoitumia haikuwa sahihi kwa chembe hizo.

Kisa hiki kinatuhusu sisi moja kwa moja, Waislamu. Leo imeenea tabia ya kuchukua kila nadharia mpya na kuitafutia aya. Neno moja la Kiarabu lina maana tano, tunachagua ile inayotufaa. Aya tunaikata kabla au baada, namba tunazijumlisha tupendavyo, kisha tunashangilia kuwa sayansi imeithibitisha Qur'ani. Ndugu zangu, kwa uhuru wa namna hiyo hata tembo atachorwa! Na siku nadharia ile itakapowekewa mpaka wake, yule kijana tuliyemjengea imani juu yake tutamwambia nini? Qur'ani ni kitabu cha uongofu, haihitaji kushikizwa na hesabu za mwaka huu. Maulamaa wetu wa kale walikuwa waangalifu zaidi. Imam Malik (RA), pamoja na ukubwa wake, alijulikana kwa kuwajibu wengi waliomuuliza kuwa hajui, wala heshima yake haikupungua.

Kwa hiyo yapo makosa mawili, nami nilikuwa na moja. La kwanza ni kusema sayansi ni dhana tu kwa sababu inabadilika. La pili ni kuibebesha dini nadharia isiyokuwa na haja nayo. Yote mawili yanatokana na kutojua nadharia ni kitu gani. Nadharia nzuri ni mizani, ina kiwango chake, na ndani ya kiwango hicho ni ya kweli na ya kutegemewa.

Fermi alifariki tarehe 28 Novemba 1954 kwa saratani ya tumbo, akiwa na umri wa miaka 53. Waliomtembelea hospitalini wanasimulia kuwa alikuwa akihesabu matone ya dripu yake kwa saa, apate kujua kasi yake. Maabara kubwa karibu na Chicago imepewa jina lake, na vilevile elementi ya 100.

Ama yule kijana wangu, hakurudi kwenye fizikia. Nilimwita nikamueleza kuwa nilikosea, naye akanisikiliza kwa adabu, lakini muda ulikuwa umekwisha kupita na alikuwa amezoea masomo yake mengine. Sisemi kuwa amepotea, kwani riziki na elimu zina milango mingi. Nasema tu kuwa mlango mmoja niliufunga mimi, tena kwa jina la dini.

Sasa ninapofika kwenye mada ya elimu, huwaandikia wanafunzi ubaoni mfano wa mizani ya duka na mizani ya sonara, kisha namkaribisha mwalimu wa fizikia dakika kumi aeleze. Nawaomba maustadhi wenzangu, maimamu na wazazi tuwe waangalifu na maneno yetu mbele ya vijana. Tusizungumzie kwa kujiamini tusiyoyasoma. Allah atusamehe tuliyokosea, atuzidishie elimu yenye manufaa, na atujaalie tuwe wenye kujua mipaka yetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.